Baba Mkubwa Alisoma Alhamdu, Akashindwa Kuomba Maji

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi kwenye ukumbi wa mtaa, hapa Tanga, mbele ya watu kama 60. Wengi wao wana mgonjwa wa kupooza nyumbani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Vicheko na vilio vya watoto nimeviacha hukohuko ukumbini.

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nimewaona.

Sinia hili lililofunikwa kawa nitalifunua baadaye kidogo. Jana jioni nilipita buchani nikaomba kichwa cha mbuzi, nikamsihi muuzaji apasue fuvu taratibu asiuguse ubongo. Akaniuliza, "Daktari, kesho supu?" Nikamwambia kesho somo. Na huo udaktari wananipa tu watu wa mtaani. Mimi ni mtu wa mazoezi ya viungo, yule anayekuja kitandani kukwambia nyanyua mkono wakati wewe unataka kulala. Huu ni mwaka wangu wa 19 katika kazi hii.

Naanza na baba mkubwa. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, unarudi na habari za mji mzima. Siku moja aliamka alfajiri, akataka kusimama, mguu wa kulia ukamkatalia. Mkono wa kulia nao ukaning'inia kama wa shati lililoanikwa. Mdomo umekwenda upande. Mama mkubwa akamuuliza, una nini? Akajibu, "Hii." Akarudia, "Hii, hii, hii," machozi yanamtoka. Tukamletea maziwa, hataki. Tukamletea shuka, hataki. Alitaka maji, na neno lenyewe halimjii.

Basi wakati wa sala ukawadia. Tukamsikia, palepale alipolala, anasoma Alhamdu. Kaanza na Bismillahi, kaenda nayo mpaka mwisho, hakukosea hata pa kupumulia. Alipomaliza tukamuuliza tena: baba, unataka nini? "Hii."

Jamani, nyumba nzima iliingia baridi. Mtu anayesoma Kurani namna ile na hawezi kuomba maji ana nini kama si jini? Kila mmoja alikubali, na mimi nikiwemo, niliyekuwa kidato cha tatu na daftari la bayolojia begani. Tulikaa naye siku tatu. Alifukizwa ubani, aliletewa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa, na kila aliponyweshwa alikohoa mpaka macho yakamwiva. Siku ya nne homa ikampanda, ndipo gari likatafutwa.

Sisemi dua isisomwe. Nasema ingesomwa garini.

Miaka ikapita. Siku moja chuoni mwalimu akatusimulia habari za mgonjwa mmoja wa Paris, nikajikuta jasho linanitoka. Mgonjwa huyo akiitwa Leborgne. Alikaa katika hospitali ya Bicêtre zaidi ya miaka 20, na kila alichoulizwa alijibu "tan, tan." Anaelewa anachoambiwa, anajibu kwa mikono, lakini mdomoni ni "tan" tu. Ila akikasirika sana, tusi linamtoka zima! Alipofariki mwaka 1861, daktari Paul Broca aliufungua ubongo wake akakuta pameharibika: upande wa kushoto, sehemu ya mbele, hapa nilipoweka kidole, mbele ya sikio na juu yake kidogo.

Pale ndipo maneno mapya yanapopangwa kabla ya kufika ulimini. Lakini maneno uliyoyarudia maelfu ya mara, yaani salamu, tusi, kuhesabu moja mbili tatu, sura uliyohifadhi tangu chuoni kwa maalim, wimbo wa harusi, hayo hayaliegemei eneo lile peke yake. Sehemu za ndani zaidi, na upande wa kulia wa ubongo, nazo zinayabeba. Alhamdu ya baba mkubwa ilipona kwa sababu ilikuwa imewekwa pengine. Neno "maji," la kuombea maji siku ile, ilibidi litungwe palepale, na karakana ya kulitunga ilikuwa imefungwa. Kilichokuwa kichwani mwa baba mkubwa ni mshipa wa damu ulioziba upande wa kushoto, yaani kiharusi.

Sasa nafunua. Sogeeni, haung'ati.

Huu wa mbuzi una uzito wa gramu mia na kidogo. Wa kwako una kama kilo moja na gramu 300 au 400. Msiupime ulaini wake kwa huu, huu umelala kwenye jokofu usiku kucha ukashikana. Ukiwa hai ni laini kama mtindi, ndiyo maana Mungu ameuweka ndani ya mfupa mgumu na kuuogeleza kwenye maji. Wanaopanda bodaboda na helmeti imetundikwa kwenye usukani waukumbuke mtindi huo.

Tazameni mikunjo. Ganda hili la nje, la kijivu, kwa binadamu lina unene wa milimita 2 hadi 4 tu. Ukilikunjua na kulitandaza linakaribia kitambaa cha nusu mita kwa nusu mita, na limebanwa hivi ili litoshe kwenye fuvu. Tunasema akili ni nywele, kila mtu ana zake; basi nywele zimekosea kwa kama sentimita moja na nusu hivi, ziko juu ya mlango.

Na msione kwamba ubongo umeheshimiwa siku zote. Wamisri wa kale, zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, waliandika kwenye papirasi, karatasi yao ya mafunjo, habari za majeraha ya kichwa, na humo yumo mtu aliyevunjika fuvu akawa anaburuta mguu. Papirasi hiyo ilinunuliwa Luxor mwaka 1862 na Mmarekani aitwaye Edwin Smith, ikabaki na jina lake. Waliona, waliandika. Lakini wakimkausha mfalme wao, ubongo waliuvuta kwa puani wakautupa, moyo wakauacha mahali pake maana ndio waliouona una akili. Tusiwacheke. Hapa ukumbini nani anasema "ubongo wangu unanituma"? Wote tunasema moyo.

Huu wa mbele na wa juu, mkubwa kuliko vyote, ndio ubongo mkubwa. Una mapande mawili, kama punje ya korosho inavyoachana. Pande la kushoto linauendesha mwili wa kulia, la kulia linauendesha wa kushoto, kwa sababu nyuzi zinapishana huku chini kabla ya kuingia kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo baba mkubwa alipooza kulia akapoteza na maneno: vyote viwili vilitoka kushoto. Wagonjwa wenu waliopooza kulia, wangapi wana shida ya kuongea? Nyosheni mikono. Mnaona. Na wa kushoto? Wachache.

Sehemu ya mbele, nyuma ya kipaji, ndiyo ya kupanga mambo na kujizuia. Mzee mpole akipata kiharusi hapo anaweza kuanza kutukana wakwe. Katikati, kama mkanda wa kilemba unavyopita toka sikio hadi sikio, kuna eneo linaloamuru misuli. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal, aliligusa kwa umeme mdogo kwa wagonjwa walio macho, miaka ya 1930, akakuta kidole gumba kimepewa nafasi kubwa kuliko mgongo mzima. Mtu aliye macho anafunguliwa kichwa? Ndiyo. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Ngozi ya kichwa inatiwa ganzi, basi. Kuona kuko huku kisogoni, ndiyo maana ukipigwa kisogo unaona nyota. Pembeni, juu ya sikio la kushoto, ni kuelewa maneno. Carl Wernicke, daktari Mjerumani, alieleza mwaka 1874 kwamba pakiharibika hapo mtu anaongea mfululizo kama redio, sauti nzuri, maneno hayana mpango, na yeye mwenyewe hajui kuwa hayana. Huyo nyumbani tunamwita kichaa.

Upande wa kulia nitakaa nao kidogo, maana huu ndio unaovunja nyumba za watu bila mtu kujua.

Nilikuwa na mgonjwa, bibi mmoja, amepooza kushoto. Binti yake alinilalamikia: "Mama amebadilika. Nikikaa naye ananinunia, hanitazami. Na chakula anasema namnyima." Nikaomba niwepo wakati wa kula. Akaletewa pilau kwenye sahani. Bibi akala. Alipofika nusu akaweka kijiko, akasema, "Mmeona? Ndio chakula hiki." Wali wa upande wa kulia umekwisha kabisa, wa kushoto haujaguswa hata punje, na mstari katikati umenyooka kama umechorwa. Nikaizungusha sahani. Bibi akatazama, akasema, "Ah, mmeongeza," akaendelea kula.

Macho yake yalikuwa mazima. Ubongo wake ulikuwa umesahau kwamba dunia ina upande wa kushoto. Na binti, siku zote, alikuwa anakaa kushoto kwa mama yake kwa sababu ndiko kulikokuwa na kigoda. Tulihamisha kigoda siku ileile. Baadaye, akishazoea, tunamrudisha mtu kushoto polepole ili ubongo ujifunze kugeuka, lakini kwanza mama na binti wapatane.

Sasa hiki hapa nyuma, kidogo, kimechongeka kama koliflawa. Ndio ubongo mdogo. Kwa binadamu hauzidi sana sehemu moja ya kumi ya uzito wote, lakini kati ya seli za neva, yaani za fahamu, bilioni 86 zilizohesabiwa kichwani, kama bilioni 69 zimo humu. Kazi yake ni mizani: usidondoke, kikombe kifike mdomoni na si puani. Pombe hukimbilia kuuvuruga huu, ndiyo maana mlevi anapepesuka. Basi mtu akipata kiharusi hapa anatembea vilevile. Namjua dereva mmoja, swala tano, alishushwa na konda kwenye daladala kwa kuambiwa amelewa. Kichwa kinamzunguka, anatapika, ulimi mzito. Abiria wakacheka. Ukimwona mtu wa namna hiyo ghafla, nusa kwanza kabla hujacheka. Na hata ukinusa pombe, mpeleke. Walevi nao wanapata kiharusi.

Na hili bua linaloshuka ndilo shina la ubongo. Kupumua, mapigo ya moyo, kumeza, kuamka. Hapa hata kidonda cha ukubwa wa punje ya choroko ni msiba. Yale maji ya kombe yaliyomkohoza baba mkubwa yalikuwa yanakwenda mapafuni kwa sababu koo lilikuwa halipokei amri sawasawa. Homa ya siku ya nne ilikuwa nimonia. Tuliitengeneza sisi, kwa mapenzi, kijiko kwa kijiko. Nawaombeni: mtu aliyepata kiharusi leo asipewe uji, asipewe maji, asipewe kidonge, mpaka muuguzi apime kama anameza. Baadaye akianza kula, akae wima, msimlishe kalala.

Kutoka kwenye shina unashuka uti wa mgongo. Nina maana ya kamba nyeupe inayopita ndani ya pingili, wala siyo pingili zenyewe. Kwa mtu mzima ina kama sentimita 45 na inaishia kiunoni kwa juu. Kutoka humo zinachomoza jozi 31 za neva kwenda mwilini kote. Nene kuliko zote inapita matakoni kushuka mguuni, na unene wake unakaribia kidole cha mwisho. Waliowahi kukamatwa nayo wanajua.

Kiswahili chetu kinatutia kazini hapa. Damu inapita kwenye mshipa. Fahamu inapita kwenye mshipa. Ngiri ni mshipa. Kano ya kisigino, mshipa. Mgonjwa akiniambia "mshipa umekaza," inabidi nimguse mahali pasipopungua patatu. Mimi nasema mishipa ya fahamu au neva, na nawaombeni mtofautishe, kwa sababu watu wengi wanamkanda mgonjwa wa kiharusi mkono kwa mafuta ya nyonyo wakidhani mshipa wa mkono ndio uliokufa. Mkono hauna ubaya wowote. Nyaya zake ni nzima, misuli ni mizima, ila kule juu hakuna anayepiga simu.

Kamba ile nayo ina akili yake ndogo. Umeshika sufuria la moto: mkono umeshatoka kabla hujasema aa! Uamuzi ulifanyika mgongoni, ubongo ukapewa taarifa baadaye. Na ukijikwaa kidole gumba, maumivu yanakuja mara mbili, la kwanza kali kama sindano, halafu sekunde moja baadaye lile la kuvuma. Zile ni nyuzi za aina mbili. Zenye koti la mafuta ni za haraka. Zile za mwendo mkali kabisa, zinazoongoza misuli, zinafikia hata mita 120 kwa sekunde. Zisizo na koti zinatembea kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka, mita moja hivi.

Sasa la haraka. Mshipa mkubwa wa damu ukiziba ubongoni, kila dakika zinakufa kama seli milioni 1.9. Ubongo ni asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula asilimia 20 ya nguvu yake. Hauna akiba, haukopeshi, ukikatiwa damu unaanza kufa palepale. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, na inafaa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili ya kwanza. Sizungumzii saa nne na nusu ya ukutani! Mama mmoja aliwahi kunijibu, "Tuliwahi, tulifika saa tatu asubuhi," na dalili zilianza juzi yake. Kabla ya dawa hiyo lazima ipigwe siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, kwa sababu kiharusi kingine ni cha mshipa kupasuka, na dawa ileile ingemmaliza mtu. Kwa sababu hiyohiyo msimpe aspirini nyumbani. Najua dawa hiyo haipo kila hospitali. Fikeni tu mapema. Kuangaliwa presha na sukari, kupimwa kumeza na kugeuzwa kitandani kumewaokoa watu, nikiona kwa macho yangu.

Dalili mnazijua: mdomo kwenda upande, mkono kudondoka ukiambiwa uinue yote miwili, maneno kugongana. Moja tu inatosha. Na kinachoileta, kuliko vyote, ni presha. Watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006. Wakishasawazisha umri, Hai walipata kama 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Dar es Salaam, 316. Hata ile 109 ya Hai, ya mashambani, si ya kudharau. Kipimo kiko pale mezani mlipoingia, ni bure leo. Wanaume, nimewaona mkikipita kwa pembeni.

Nimalizie baba mkubwa. Alirudi nyumbani na mkono umekunjika na "hii" yake. Seli zilizokufa hazirudi. Jirani zake ndizo zinazofundishwa kazi, na zinafundishwa kwa kurudia, maelfu ya mara, kazi yenye maana kwa mwenyewe. Sikumpa mpira wa kuminya. Nilimpa karanga amenye kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto nikaufunga kwa kanga ya mama mkubwa, saa nzima kila siku. Alinitazama kwa chuki siku ya kwanza. Wiki ya sita alimenya ya kwanza, akaila mwenyewe, hakunigawia.

Maneno nilikuja nayo likizoni, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Wataalamu wa Boston walikuwa wameitangaza mwaka 1973 njia ya kumrudishia mtu maneno kwa kuyaimba, huku anagonga taratibu kwa mkono wa kushoto. Mimi nikachukua kaswida aliyoipenda, nikang'oa maneno yake, nikapachika "nataka maji." Tuliiimba kila jioni barazani, tukigonga meza. Majirani walidhani nimepata wazimu na mimi. Siku ya kumi na kitu, mama mkubwa yuko jikoni, tukasikia kutoka chumbani sauti inapanda na kushuka kwa ile kaswida: nata-kaa maa-ji.

Mama mkubwa alipeleka jagi zima.

Tangu hapo aliishi miaka tisa. Kuongea kama zamani hakuongea, lakini aliimba. Dukani aliimba sukari robo, kibandani aliimba kahawa chungu, na muuza duka alikuwa anamjibu kwa kibwagizo.

Maswali nitayapokea. Ila mama aliyeniazima sinia analitaka kabla ya adhuhuri, na amenong'ona anauliza kama huu ubongo nautupa. Chukua, mama yangu. Ndimu unazo?